Sura ya Tano: Mlango Uliopakwa Rangi

Bi Asma Silima alifika dahalia ya wanawake akakuta ushahidi wake umeshapakwa rangi.

Mlango wa chumba cha mwisho, upande wa kisimani, uling'aa kuliko milango yote ya ukumbi ule. Ilikuwa rangi ya maji, nyeupe ya maziwa, ileile ya kutani. Mkono wa kwanza ulipigwa jana jioni, na wa pili asubuhi hii.

"Nani kaamrisha?" aliuliza.

"Mimi," alijibu Dokta Abdulnasir, mlezi wa wanafunzi, huku akifuta miwani kwa ncha ya kanzu. "Wageni wa wizara wanakuja kesho. Ulitaka wayasome yale?"

"Nilitaka niyasome mimi kwanza, Dokta."

"Ulikuwa hupo."

Hilo lilikuwa kweli. Jana Jumatatu Bi Asma alikuwa Konde kwenye hitima ya kila mwaka ya marehemu mumewe. Kabla ya Chuo cha Mwangazani kumwajiri kuwa afisa wa malalamiko ya wanafunzi, alikuwa askari wa upelelezi Chake Chake, na katika miaka yote ya upolisi hakuwahi kuona mtu anayeanza uchunguzi kwa ndoo ya rangi.

Dokta alimpa simu yake. Kwenye picha, maandishi yalikwenda upana mzima wa mlango, meusi tititi: WAMANGA RUDINI KWENU.

Aliyelala chumba kile alikuwa Intisar, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Asili ya ukoo wao ni Oman, na jina hilo la Wamanga ndilo wanalopigwa nalo na anayetaka kuwaudhi. Intisar kazaliwa Chake Chake, baba yake kazaliwa Chake Chake, na Muscat anaiona kwenye simu tu.

"Mtu wetu tunaye," alisema Dokta. "Kificho, yule kijana wa Kisiwa Panza. Wiki iliyopita alibishana na Intisar darasani, somo la historia, habari za mashamba ya mikarafuu. Maneno makali, mashahidi darasa zima. Jana tukamkuta na rangi nyeusi mikononi na brashi mkobani. Nimeshamtoa dahalia ya wanaume. Kamati ya nidhamu inakaa leo baada ya Alasiri, na hukumu ya kosa hili ni moja, kufukuzwa chuo."

"Aliingiaje humu? Lango hufungwa baada ya Isha."

"Ukuta ule hata mbuzi anauruka."

Bi Asma alitoka akautazama ukuta. Kwa nje palikuwa na bustani ya mchicha ya Bi Mgeni, matroni wa dahalia, na mvua ilikuwa imenyesha Jumapili jioni. Udongo ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Matuta yalikuwa mazima, mchicha umesimama, na hapakuwa na alama ya mguu. Hilo peke yake halikutosha, kwani mtu mwepesi angeweza kurukia upande mwingine. Alizunguka pande zote. Kwengine kote ukuta ulikuwa na vipande vya chupa juu.

Bi Mgeni alikuwa kizingitini amejitanda kanga, anangoja kuulizwa.

"Wewe ndiye uliyeyaona?"

"Mimi, Bi Asma. Nilipita kuwaamsha wasichana kwa sala ya alfajiri. Nikamulika tochi, nikasema, yarabi, ntu gani huyu! Nikapiga picha nikampelekea Dokta papo hapo."

"Ulipoyaona yalikuwaje?"

"Yalikuwaje vipi? Maandishi. Rangi ya chai, kama chai ya mkandaa ilokolea."

"Ilikuwa kiza," Dokta aliingilia. "Na tochi inabadilisha rangi. Mimi nilipokuja saa nne kupiga yangu yalikuwa meusi, umeyaona mwenyewe."

Bi Asma aliomba simu tena akatafuta picha ya matroni. Maandishi yalikuwa ya kahawia kweli. Akaziweka picha mbili moja baada ya nyingine, akazikuza, na hakuangalia tena herufi bali komeo la mlango. Lilikuwa la chuma, limepakwa rangi nyeusi. Katika picha ya alfajiri lilikuwa jeusi. Katika picha ya saa nne lilikuwa jeusi vilevile. Tochi haiwezi kubadilisha rangi ya neno ikaliacha komeo lililo pembeni yake.

Alijitumia picha zote mbili, akamrudishia Dokta simu yake. Aliuliza jambo jengine.

"Sakafuni palikuwa na nini, Bi Mgeni?"

"Maji. Nusura nianguke. Pakiteleza sabuni."

"Sabuni alfajiri?"

"Mhalifu alijaribu kufuta akashindwa," alisema Dokta.

"Mtu aruke ukuta wa chupa aje aandike, halafu atafute maji na sabuni afute?"

"Bi Asma, kamati inataka jibu. Haitaki vitendawili."

"Nipe mpaka Alasiri."

* * *

Alimkuta Kificho bandarini Wesha, amechutama ubavuni mwa mashua ya mizigo iliyopandishwa nchi kavu. Mjomba wake ndiye mwenye mashua, na tangu jana ndimo alimolala. Nusu ya ubavu ilikuwa nyeusi, nusu ingali mbao kavu. Alikuwa anapaka kwa kitambaa alichofunga kwenye kijiti.

Wachukuzi wawili waliokaa juu ya magunia ya saruji walimwona Bi Asma anavyokuja na viatu vyake vya kiaskari.

"Yakhe Kificho! Umeletewa serikali!"

"Muoe kabisa, yaishe!"

Kificho hakucheka. Aliinuka akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, Bi Asma."

"Marahaba. Darasani ulisema nini?"

"Nilisema babu yangu kapanda mikarafuu, na karafuu zake hakuvuna yeye. Intisar akasema babu yake alilipa. Nikamwambia alilipa nini, vibaba vya mchele? Akanyamaza. Ndo hayo."

"Ulimwita Mmanga?"

"Hasha. Mie nkitaka kumtukana ntu namtukana mbele yake, simwandikii mlangoni. Mwalimu alikuwapo, muulize." Akatazama chini. "Hakuna aliyemuuliza."

"Jumapili usiku ulikuwa wapi?"

"Dahalia. Nililala mapema. Mwenzangu wa chumba kenda kwao Kengeja, kwa hiyo shahidi sina."

Hakujaribu kulipamba jibu lake, na Bi Asma alilitia hilo moyoni. Aliokota kipande cha ubao kilichokatwa.

"Pigia hapa."

Kificho alichovya kitambaa akapiga mstari mmoja. Ulitoka mweusi papo hapo, mzito, una kingo zilizotuna kama kovu. Ulinuka mafuta ya taa. Bi Asma aliutazama, akautazama tena, akauanika juani na kukaa juu ya gunia kando ya wachukuzi, ambao ghafla walikumbuka kazi. Baada ya muda aliurudia. Ulikuwa mweusi uleule.

"Hii rangi unaijua?" aliuliza. "Kuna siku umewahi kuipaka ikatoka kahawia, halafu ikageuka?"

"Rangi ya chombo? Ikitoka kahawia umeibiwa dukani."

Wachukuzi walicheka kwa mbali. Safari hii hata Kificho alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwisha.

"Bi Asma, mie nimebakisha mitihani ya mwisho tu. Wakinifukuza leo narudi Panza sina hili wala lile, na jina hilo linanitangulia. Nani atanipa watoto wake niwasomeshe?"

"Bado hawajakufukuza."

"Na brashi yangu wamechukua. Wameitia kwenye mfuko wa plastiki kama maiti. Ile ilikuwa ya marehemu baba."

Bi Asma alifunga ubao kwenye gazeti. Hakumwambia pole. Alimwambia aoge, avae kanzu safi, na baada ya Alasiri awe mlangoni mwa ofisi ya mlezi.

Njiani kurudi, minara ya taa ya uwanja wa Gombani ilipoanza kuonekana, alikuwa ameshapata jina la kitu. Kinachopakwa kikiwa kahawia, kikaachwa, kikageuka cheusi chenyewe kwa hewa tu, alikijua yeye na alikijua kila mwanamke wa kisiwa hiki. Ni piko. Bibi harusi huchorwa maua mikononi na miguuni, akaambiwa asiguse kitu, na anapoinuka maua yameiva. Wanaume watano wa kamati wameoa wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa ndani ya chumba anamopambwa mwari. Wao huliona ua likiwa limeshakuwa jeusi.

Yeye mwenyewe hakuwa amepaka piko tangu aingie eda, na eda ilipokwisha hakurudia. Pengine ndiyo maana alichelewa kukumbuka.

* * *

Intisar alikuwa maktaba, kitabu wazi mbele yake, ukurasa haugeuki. Mikono yake ilikuwa imechorwa maua membamba kutoka vidoleni mpaka viwikoni, kazi safi sana. Bi Asma alivuta kiti.

"Harusi ya nani?"

"Kaka yangu, Maher. Jumapili."

"Mashallah. Mungu awape kheri. Aliyechora ana mkono mwepesi. Nani?"

"Mtu tu."

"Mtu ana jina, mwanangu."

Msichana alificha mikono chini ya meza. Bi Asma hakuifuata.

"Sikia nikwambie ninavyoona, kisha unisahihishe. Alfajiri ya jana ulitoka kabla ya Bi Mgeni. Ukayasoma. Hukupiga kelele, hukumwita mtu. Ulichukua ndoo na sabuni ukasugua mpaka sakafu ikajaa maji, hayakutoka, ukasikia viatu vya matroni ukarudi ndani. Mtu aliyeandikiwa tusi hutaka walimwengu walione. Wewe ulitaka lisionekane. Kwa nini?"

Intisar alitazama dirishani.

"Kwa sababu ulijua ni piko," alisema Bi Asma. "Na ulijua ni la nani."

Mkutubi alikohoa huko mbali.

"Shamima," alisema Intisar.

Shamima alikuwa darasa moja naye, mtoto wa mkulima wa Mgelema, na Chake nzima ilimjua kwa kupamba maharusi.

"Endelea."

"Maher alimtaka Shamima. Miaka miwili. Akamwambia mama, mama akasema hapana. Kasema si kufu yetu, si wa hadhi yetu."

"Nani alimpelekea Shamima neno hilo?"

"Mimi. Kaka alishindwa." Sauti yake ilishuka. "Halafu mama akamtafutia Maher mke, binti ya mjomba wetu. Ilipofika siku ya kupamba, mama akasema hakuna anayechora kama Shamima, aitwe yeye. Nikamwambia mama, huyu? Mama akasema kazi ni kazi. Nikatumwa mimi tena."

"Na akaja?"

"Akaja. Akamchora bibi harusi, akatuchora sote. Hakusema neno mpaka anamaliza."

Bi Asma aliyapima yale. Alikuwa amehoji wezi na wauaji, na mara chache alipata kisa kilichojipanga chenyewe namna hii.

"Jana walipomkamata Kificho ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Nikimtaja Shamima nimemtaja Maher, na mke wake ana siku mbili ndani ya nyumba. Kila kitu kitatoka nje. Mama kasema tusitiri, litapita."

"Sitara ni jambo jema," alisema Bi Asma. "Na sitara ya Kificho nani anayo?"

Bi Asma alisimama, akarudisha kiti mahali pake.

"Kamati baada ya Alasiri. Wewe ndiye mlalamikaji, watakuuliza kama unamkubali huyo waliyemkamata. Jibu ni lako."

* * *

Shamima alikuwa anafua nyuma ya dahalia. Alimwona Bi Asma, akaendelea kukamua shuka.

"Nionyeshe mkono wa kulia."

Aliunyoosha bila kubisha. Ncha za kidole cha shahada na cha gumba zilikuwa nyeusi mpaka kwenye kucha.

"Nilipamba harusi," alisema. "Kila mtu anajua."

"Kweli. Kidole hiki hakinithibitishii kitu." Bi Asma alikaa juu ya ukingo wa kisima. "Ila ulipamba Jumamosi. Piko likikorogwa halikai, likishakufa halishiki. Aliyeandika Jumatatu alfajiri alikoroga upya. Ndani ya dahalia hii nani mwengine anaweka piko chumbani?"

"Wengi."

"Wengi wanapakwa. Nani anaweka?"

Shamima aliitupa shuka kwenye kamba. Maji yalimtiririkia miguuni.

"Mwiteni Kificho basi, mna shida gani na mimi?"

"Unajua kama watamfukuza leo?"

"Hawawezi. Hawana ushahidi."

"Hawauhitaji. Wanahitaji mtu."

Msichana alisimama pale, ameshika kibanio cha nguo mkononi. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kulia siku nyingi nyuma na sasa kabaki na hasira peke yake.

"Nilidhani watamwachia tu," alisema. "Wallahi, Bi Asma, nilidhani watamuuliza maswali watamwachia. Yeye hahusiki."

"Nani anahusika?"

Shamima alikibana kibanio kwenye shuka, polepole.

"Hiyo kamati," alisema, "ina adhabu kwa anayeandika mlangoni. Kwa anayekwambia wewe si kufu yangu, halafu anakuita uje umpambie mke, ina adhabu gani?"

"Haina."

"Basi."

"Basi hilo ni la kuwaambia wao. Mimi siwezi kukusemea, na sitakuburuta. Nitakwenda na ubao na picha mbili. Vinatosha kuonyesha kuwa si rangi ya Kificho. Havitoshi kuwafanya waache kutafuta, na wakitafuta watamchukua wa karibu." Akainuka. "Baada ya Alasiri."

Kabla hajafika ofisini Bi Mgeni alimkimbilia, kanga mkononi, pumzi juu.

"Bi Asma! Njoo uone! Mlango unatapika!"

* * *

Kamati ilikaa watu watano. Kificho aliwekwa kwenye kiti cha peke yake. Mezani palikuwa na mfuko wa plastiki na brashi ndani. Intisar alikaa karibu na dirisha, mikono ndani ya buibui.

Dokta Abdulnasir alisoma tuhuma haraka haraka, akafika mwisho, akauliza kama kuna la kuongeza.

"Naomba twende mlangoni," alisema Bi Asma.

"Mlango umepakwa rangi."

"Ndiyo. Twende tukaone mlango wenyewe umefanya nini."

Bi Mgeni aliwatoa wanafunzi ukumbini, wanaume sita, Kificho akiwamo, wakaingia dahalia ya wanawake wakitazama miguu yao. Mbele ya mlango wakainua vichwa. Chini ya mikono miwili ya rangi ya maziwa maandishi yalikuwa yamepanda tena, ya kijivu, kila herufi ikisomeka.

Bi Asma aliuweka ule ubao sakafuni, mstari wa rangi ya chombo juu yake. Nusu ya mstari alikuwa ameifunika kwa rangi ileile ya maziwa, aliyoiomba stoo. Weupe ulikuwa umetulia, hakuna kilichopanda. Akawaonyesha picha ya alfajiri na picha ya saa nne, akawaonyesha komeo. Akawaeleza piko ni nini na linavyoiva, na kwamba rangi ya maji hailizuii kupanda. Mmoja wa wajumbe, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alivuta mkono wa kanzu yake kama aliyekumbuka kitu cha nyumbani kwake.

"Kwa hiyo ni mwanamke," alisema Dokta.

"Ni mtu mwenye piko. Si Kificho."

"Basi nani?"

Dokta alimgeukia Intisar, aliyekuwa amewafuata nyuma.

"Binti, wewe ndiye uliyetendewa. Unamtuhumu Kificho au humtuhumu?"

"Simtuhumu," alisema Intisar. "Nilijua tangu jana kuwa siye. Nikanyamaza." Akamgeukia Kificho.

Ndipo Shamima alipotoka chumba cha pili. Alikuwa amejitanda ushungi vizuri, kama mtu anayekwenda kwa wakwe. Alinyoosha ule mkono wa kulia mbele ya wanaume wote, vidole vyeusi juu.

"Ni mimi."

"Kwa nini?" aliuliza yule mzee mwenye ndevu.

"Nyumba yao iliniambia mie si mtu wa kwao. Nikataka na wao wajue inavyouma ukiambiwa huna kwenu." Alimtazama Intisar. "Nilimwandikia mama yako. Mlango ulikuwa wako."

"Najua," alisema Intisar.

Dokta Abdulnasir alivua miwani, akaivaa. "Haya. Mkosaji amepatikana, amekiri. Kamati itoe hukumu ileile, tumalize kabla ya Magharibi."

"Hapana," alisema Bi Asma. "Jana mlimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Safari hii mtamsikiliza huyu kwanza, yote, na la kufu ndani yake. Wiki ijayo, vichwa vikishatulia. Na mlango huu usiguswe."

"Wageni wa wizara?"

"Wataona chuo kinachochunguza."

Mzee wa ndevu alisema, "Na iwe hivyo," na wengine wakaona ni rahisi kumfuata yeye kuliko kubisha mbele ya mlango ule.

Waliporudi ofisini Dokta alijaza ukurasa, akapiga muhuri, akamwambia Kificho yuko huru kurudi dahalia na kufanya mitihani. Alisema hayo akiwa anakusanya karatasi. Kificho hakuinuka.

"Kuna jengine?" aliuliza Dokta.

"Brashi yangu."

Dokta aliusukuma mfuko juu ya meza. Mfuko ulisimama katikati. Kificho aliutazama, mikono yake imetulia juu ya magoti. Hakuufuata. Wajumbe waliokuwa wanavaa viatu waliacha kuvaa.

Bi Asma naye hakuusogeza.

Mwishowe Dokta Abdulnasir aliinuka, akauchukua mfuko, akazunguka meza. Alifungua fundo, akaitoa brashi, akamshikisha mkononi kwa mikono yake miwili.

"Samahani, kijana," alisema.

Kificho alipitisha kidole kwenye nywele za brashi. Zilikuwa zimekauka, zimegandana kama ubao.

"Hamkuiosha," alisema, akatoka.